Miti ya Nyirabageni Juu ya Chemchemi

Nyirabageni aliingia kijijini kwetu Mabira mgongoni mwa mama yake, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wakitokea Rwanda. Nakumbuka, maana nilikuwa darasa la pili na akili zangu timamu. Leo ana wajukuu kumi na mmoja, wote wamezaliwa hapa, na bado wapo wanaomwita mgeni.

Juu ya chemchemi yetu ana shamba la migomba na misambya arobaini na mitatu, miti ya asili ya huku. Miti ile kaipanda yeye. Huokota mbegu, huzilea kwenye makopo nyuma ya jiko, na mvua ikishalowanisha ardhi hushuka na miche yake. Marehemu mumewe alilalamika mpaka mwisho kwamba misambya inatunzwa kuliko yeye.

Mwezi wa sita akaja binti mtafiti, Joviana, na fomu walizotunga wakubwa wake huko mbali. Walitaka kujua nani aliharibu msitu wa bondeni. Majibu yangesomwa mkutanoni, kisha kamati ya maji iamue shamba la nani liondoke juu ya chemchemi.

Alinipa shikamoo vizuri, nikampa kiti. Fomu ya Nyirabageni nikaiona mezani. Penye asili: mgeni. Penye miti aliyopanda: patupu. Nikauliza kulikoni. Akanieleza kwamba swali la kupanda ni la wenyeji. Wageni huulizwa walichokata. Nikamuuliza huo ugeni kaupimaje. Akasema hakuhitaji hata kuuliza, pua ile na urefu ule vinajionyesha.

Jamani, nimechoka na watu wanaosoma pua.

"Bibi, nijibu tu. Msitu ulikatwa na wenyeji au wageni?"

Jibu lilikuwa nyumbani kwangu. Mwaka tuliojenga madarasa, tanuru la matofali liliula msitu ule majuma matatu. Msimamizi alikuwa Melkiory, mume wangu, Mnyambo wa Wanyambo, mwenyeji wa hapa tangu mababu. Picha yake ilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Joviana. Wazazi wa Nyirabageni walikatazwa hata kuokota kuni mle.

"Andika Melkiory," nikasema. "Marehemu mume wangu."

"Hakuna nafasi ya jina, bibi."

"Geuza karatasi."

Akageuza. Nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: tanuru, mwaka, jina la mume wangu, na ile misambya na aliyeipanda. Nikatia sahihi.

Mkutanoni mwenyekiti alisoma upande wa mbele, akataka kuendelea. Nikasimama, nikamwambia asome na wa nyuma. Akausoma, wanangu wameinamisha vichwa. Kamati ikaliacha shamba la Nyirabageni.

Njiani Nyirabageni akaniambia, "Ma Vero, Melkiory angekufukuza."

Nikamwambia ningehamia kwake, kwenye kivuli cha misambya.

Juzi Joviana kanipigia kunishukuru. Wakubwa wake wameirekebisha fomu. Penye mgeni, sasa wameandika mhamiaji.