Mkunjo wa Wifi Yangu

Siku wifi yangu alipoagwa kazini, katibu mpya wa chama cha wafanyakazi alisimama na suti yake ya kubana akasema, "Mama huyu aliongoza mgomo mkubwa kuliko yote katika historia ya kiwanda hiki." Watu wakashangilia. Wifi akainamisha kichwa kama bibi harusi, akapokea sifa zote, hata zile zisizo zake. Mimi niliyesimama naye meza moja ya kukunjia tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, nikakohoa. Mgomo gani? Wifi yangu hajagoma hata asubuhi moja. Na kwa kuwa waliosoma sana hawana kumbukumbu, acha niandike mimi niliyeishia darasa la saba. Niliishia nikiwa wa pili, na huyo wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Siku naolewa alinikagua kama shuka lililotoka kufuliwa, akatafuta doa, akalikosa, akanuna. Ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na hajawahi kuomba radhi kwa kiumbe yeyote. Lakini mwanangu wa kike alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha mara ya kwanza, na tangu hapo akamfanya wake. Ukimgusa mtoto umemgusa shangazi.

Kazi yetu, mimi na wifi, na baadaye mwanangu alipokua, ilikuwa kiwanda cha kufulia. Mashuka ya hospitali, vitambaa vya hoteli, makoti ya madaktari yenye kalamu zilizosahaulika mfukoni. Chumba kilijaa mvuke hata mtu akikuita unajibu kwanza, kisha unatafuta ni nani. Mwishoni mwa chumba ilikaa rola, magogo mawili ya chuma yenye moto ndani. Shuka linaingia na maji yake upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka. Rola haichagui. Ukiipa shuka inameza shuka, ukiipa mkono inameza mkono. Ndivyo ilivyommeza mwenzetu tuliyemwita Kicheko. Walipoizima, mkono wake ulibaki na vidole viwili, na lile jina likawa dhihaka.

Tulichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: kinga. Chuma cha kukaa mbele ya rola, mkono ukikigusa mashine inasimama. Meneja akatuita, akatupa pole, akasema kinga inapunguza kasi ya kazi. "Muhimu akina mama muwe makini."

"Kicheko alikuwa makini kuliko wewe na babu yako," wifi akamjibu. Tukatoka.

Pale uani, kwenye bomba la maji, wifi akapanda juu ya kreti la sabuni. "Wanaotaka tugome, mikono juu!" Mikono yote ikapanda. Tukapiga vigelegele, tukarudi ndani tukiona tumeshashinda.

Kesho yake akaja mwanasheria wa kampuni, kijana ananukia vizuri, anakanyaga sakafu yetu yenye maji kama paka. Akasema kura ya mikono si kura ya siri, mgomo bila kura ya siri ni haramu, na anayegoma kiharamu anafukuzwa kihalali. Maneno hayo nimeyakumbuka kwa sababu yalikuwa yamepigwa pasi sawasawa.

Ofisi ya kazi nayo ikatuletea bwana mmoja mwembamba, ana sanduku lenye kufuli na muhuri wake mfukoni. Akatueleza kwa upole, kama anambembeleza mgonjwa ale. Kwanza tulalamike kwa maandishi. Kisha tukae na mwajiri tusuluhishwe. Usuluhishi ukishindikana, tupige kura ya siri, kila mwanachama apewe nafasi, karatasi ziwe za aina moja, sanduku lifungwe mbele ya macho ya wote. Zaidi ya nusu wakisema ndiyo, tumpe mwajiri notisi. Notisi ikiisha, ndipo tugome.

"Kwa hiyo mwanangu," wifi akamuuliza, "nikitaka kukasirika niombe kibali?"

"Si kibali, mama. Ni utaratibu."

"Na rola, ilimpa Kicheko notisi?"

Bwana yule akafunua kitabu chake, akakitazama kwa muda, akakifunga. "Sheria hii haihusu mashine, mama."

Basi tukafuata utaratibu. Tukalalamika kwa maandishi, na mwandiko ulikuwa wangu. Tukasuluhishwa mpaka tukachoka kusuluhishwa. Ikaja siku ya kura. Tukaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, pazia lenyewe shuka la hospitali, tukatia alama, tukakunja, tukatumbukiza. Msidhani kulikuwa na uzembe. Ilikuwa siri kuliko harusi ya mjane.

Sanduku likafunguliwa. Hapo akasogea nyapara wetu, Bwana Jicho, aliyekuja kumsindikiza mwanasheria. Akainua karatasi moja bila kuifungua, akatabasamu.

"Hii ya mama mwenye sauti," akasema, "amebana kwa kiwiko." Akainua nyingine. "Hii ya wifi yake, anapitisha ukucha wa dole gumba. Hii ya yule mjane wa meza ya nyuma, huficha ncha ndani."

Kukunja ndiyo kazi yetu. Kila mmoja ana mkunjo wake, kama mwendo wake, na shuka likirudi na kasoro, nyapara analitazama tu anajua amwite nani. Tungepewa vigae vya chungu tupigie kura, siri ingekaa. Tulipewa karatasi, nasi tukazikunja vizuri mno. Huo ulikuwa ujinga wa mafundi.

Mwanasheria alifurahi hadi akasahau maji sakafuni. "Kura imetambulika, kwa hiyo si ya siri, kwa hiyo ni batili." Bwana wa ofisi ya kazi akakuna kichwa, akakubali. Sheria ilitungwa itulinde na jicho la nyapara, na sasa jicho hilohilo ndilo limeitwa kuwa shahidi.

Lakini Bwana Jicho, karatasi zilipokunjuliwa, alikuwa ameshaona nani kasema ndiyo. Jumatatu akaja kwenye meza yetu, akamnyooshea kidole mwanangu. "Wewe mwenye mkunjo wa shangazi yako. Kuanzia leo, rola. Nafasi ya Kicheko iko wazi."

Mwanangu akanitazama, kisha akamtazama shangazi yake. Akaenda kwenye rola. Wifi alimtazama mtoto akiulisha mdomo wa ile mashine, shuka baada ya shuka, mikono yake ikifika karibu mpaka mvuke unaificha. Kila ikifichika nami moyo unasimama, ikionekana unaanza tena.

Saa ya mapumziko wifi akatukusanya kwenye bomba. Hakupanda kreti, wala hakupaza sauti.

"Mnaukumbuka mkunjo wa Bwana Jicho?"

Nani asiyeukumbuka! Kila wakija wafanyakazi wapya alijitia kuwaonyesha kazi, na kila shuka alilokunja lilitoa ncha moja nje, kama mbuzi mwenye sikio moja. Tukiliona kwenye rafu tunasema, "Bwana kapita hapa."

"Kura ya safari hii," wifi akasema, "sote sikio nje."

Mjane akashika kifua. "Mimi nikunje uchafu ule? Marehemu mama yangu aliyenifunza atanijia ndotoni!"

"Akija mwambie wifi wa fulani ndiye kakutuma."

"Mimi mwenyewe," nikasema, "vidole vyangu havitakubali."

"Wewe hukukubaliana nami hata siku naja kumposea kaka yangu," akanijibu. "Kunja."

Basi mngetuona, mafundi watupu tumejipanga kwenye ngazi na vipande vya magazeti, tunajifunza kuharibu. Haikuwa rahisi. Mwingine alikunja sikio likatoka zuri kiasi kwamba ilibidi arudie.

Tukapiga kura upya. Sanduku likafunguliwa, karatasi zikamwagwa mezani. Masikio matupu. Bwana wa ofisi ya kazi akamgeukia nyapara.

"Ulisema unamtambua mtu kwa mkunjo. Hizi ni za nani?"

Bwana Jicho akainua moja, akaiweka. Akainua nyingine. Jasho likamtoka, na siku hiyo mvuke ulikuwa umezimwa.

"Sema, baba, usione haya," wifi akamhimiza. "Mtu hukosaje kuijua kazi ya mikono yake?"

Mbele ya ukuta wa rafu zilizojaa mashuka aliyoyakunja mwenyewe, angekana vipi? "Mkunjo ni wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini mimi si mwanachama."

"Kwa hiyo hazitambuliki," akasema bwana wa ofisi ya kazi. Nadhani hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akicheka. Mwanasheria akakumbuka maneno yake mwenyewe, akaanza tena kukwepa maji sakafuni.

Karatasi zote zilisema ndiyo, isipokuwa moja iliyosema hapana. Nayo ilikuwa na sikio nje, barabara kabisa. Mpaka leo hatujui ni ya nani. Wifi ananishuku mimi, nami namshuku mjane, na hapo ndipo nilipoamini kwamba kura ile ilikuwa ya siri kweli.

Muhuri ukapigwa, notisi ikapelekwa. Wifi akajishonea kitambaa chekundu cha kichwa cha kugomea, akatunga na nyimbo, nyingine haziimbiki mbele ya watoto. Siku mbili kabla ya mgomo wakaja mafundi wa kuchomelea, wakafunga kinga mbele ya rola, wakaijaribu kwa fimbo ya ufagio. Mashine ikasimama papo hapo. Mgomo ukafa kabla haujazaliwa. Sote tulicheza uani, isipokuwa wifi. Alikaa juu ya kreti lake na kitambaa chake mapajani.

"Wamenidhulumu," akasema. "Mwaka mzima najiandaa, mgomo wenyewe wananinyima."

Ndiyo maana siku ya kuagwa alikuwa amekivaa kile kitambaa chekundu. Katibu alipofika kwenye ule mgomo mkubwa kuliko yote, nikamvuta mkono nikamnong'oneza, "Wifi, mbona humrekebishi?"

"Nyamaza, wifi. Mgomo wangu huo, nimeungoja sana."

Nilitaka kubishana, ni desturi yetu. Lakini ng'ambo ya meza mwanangu, ambaye kazi ya rola ameifanya mpaka leo, alikuwa amesimama anamshangilia shangazi yake. Akapiga makofi kwa nguvu, viganja vyote viwili, vidole vyote kumi. Nikaamua katibu anaweza kusema atakalo. Nami nikapiga makofi.