Jodari Niliyemrudisha Jikoni

Mimi nauza samaki Ushongo, na Jumamosi iliyopita samaki huyohuyo ndiye aliyeniaibisha Dar es Salaam.

Bi Rahma ndiye mnunuzi wa samaki katika mkahawa mmoja wa Kijapani huko Upanga. Alitaka niwe nawaletea jodari kila wiki, akanialika palepale chakula cha mchana. Mara simu yake ikaita, akatoka nje kuongea.

Mhudumu akaleta sahani mbili za jodari mbichi, kakatwa vipande vyembamba, kapangwa kama maua. Sikushangaa. Kwetu kwa wakaanga samaki, unaoneshwa kwanza samaki mbichi, ukimridhia ndipo anaingia kwenye mafuta. Nikaona hapa ndipo pa kuonesha ujuzi wangu. Nikanusa, nikabonyeza vipande kwa kidole, vyangu na vya Bi Rahma.

"Yuko vizuri," nikasema kama daktari. "Haya, mkamkaange."

Mhudumu akasita. "Na wa dada pia?"

"Na wake. Akauke vizuri, na pilipili msiwe wachoyo."

Nikaenda kunawa, nikakunja mikono ya shati, nikarudi kusubiri. Bi Rahma naye akarudi, akauliza mbona chakula kimechelewa. Nikamtuliza: "Nimeshakishughulikia."

Ndipo mpishi Mjapani akatoka jikoni na sahani mbili za jodari aliyekauka kama kuni. Akauliza kwa Kiswahili safi, mkahawa mzima ukisikia, "Nani kaagiza jodari wa kuliwa mbichi akaangwe?"

Bi Rahma akatazama sahani, akatazama mikono ya shati langu niliyoikunja.

"Huyu," akasema. "Ndiye yule bingwa wa samaki niliyekwambia."