Mlalamikaji Kutoka Izigo

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na dakika arobaini usiku. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa naikodolea macho saa ya ukutani, naiomba iende haraka. Haya ninayoyaandika yalitokea. Sikuota, sikuwa na homa, wala sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, nimepakata hotpoti yenye chakula cha mama mdogo. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele mimi mwenyewe sijawahi kucheka.

Kwanza unijue kidogo. Niko kidato cha tatu, na ni mtu wa aibu sana. Mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, ila mkono hauinuki. Ndiyo maana naandika kwenye daftari, kwa sababu daftari haligeuki kukuangalia. Likizo ile nilikuwa nakaa kwa mama mdogo. Yeye ni koplo wa polisi kwenye kituo kidogo cha barabara ya Muleba kwenda Bukoba. Jina la kituo sitalitaja. Watu wote wanamwita Afande Koku. Ni mfupi, ana sauti ya chini, na sijawahi kumwona akikimbia. Hata hivyo wezi wa kahawa wa upande ule wakisikia yuko zamu, wanalala mapema.

Usiku huo nilimpelekea ndizi na maharage, nikakuta ametoka doria na difenda, gari la kituo. Mvua ikanikamata pale. Kaunta alikuwepo Afande Mwaisaka peke yake, kijana wa Mbeya, ana miezi minne tu Kagera, Kihaya hajui hata cha kuombea maji. Ulikuwa msimu wa senene. Wanagonga taa ya kaunta, wanadondoka juu ya kitabu cha matukio, naye anawaokota mmoja mmoja anawatia kwenye kofia yake.

"Nilipofika hapa niliwacheka mnavyokula panzi," akaniambia. "Sasa angalia nilivyo. Mama yangu akiniona atalia."

Nikatabasamu, nikaangalia chini. Ndivyo ninavyojibu watu.

Halafu senene wakaacha kugonga taa. Wote, kwa mara moja. Unajua ukimya wa friji inapozima, ndipo unagundua kumbe ilikuwa inalia? Ulikuwa hivyo. Nikainua macho, mlangoni kasimama bibi kizee.

Alikuwa mrefu, amenyooka, na amejifunga lubugo, lile vazi la gome la mti. Siku hizi lubugo unaliona kwa wacheza ngoma, au wazee wachache wanapozikwa. Nami hilo nalijua, ni mtoto wa Kihaya. Ila niamini, pale kwenye benchi akili yangu iliniambia tu, "bibi huyu kakosa koti la mvua." Nikapiga magoti, nikamsalimu kwa Kihaya kama nilivyofundishwa. Hakuitikia. Akakaa chini sakafuni karibu na ukuta, miguu ameikunja upande, akaanza kusema. Hakumwangalia Afande, alikuwa ananiangalia mimi.

"Anasemaje?" Afande Mwaisaka akauliza. "Tafsiri basi, mwanafunzi. Leo wewe ndiye mkalimani wa serikali."

Hapa ndipo nilipokosea, nami naliandika kosa langu bila kulifunika. Bibi alisema hivi, neno kwa neno: "Wameniletea mtu kwenye kibanja changu. Bado anapumua. Mumwondoe kabla hajawa wa kwangu." Akataja jina lake, Paskazia. Akasema ni Izigo, ukipita ghala la kahawa unateremka mpaka kijito, nyumba iliyobomoka upande mmoja.

Mimi nikatafsiri: "Anasema kuna mtu kaingia kwenye kibanja chake. Anataka aondolewe." Jina na njia nikavitaja. Basi.

Yale mengine niliyaacha. Kwa nini? Nilidhani bibi amechanganyikiwa. Niliona aibu kumwambia askari mzima maneno ya ajabu namna ile, asije akanicheka. Ni sentensi mbili tu. Nilizimeza kama mtu anavyomeza mbegu ya chungwa.

Afande Mwaisaka akashusha pumzi. Kila siku, kwenye kaunta ile, kesi tatu kati ya nne ni za vibanja, haya mashamba ya ukoo: ndugu kahamisha mpaka, shangazi kauza migomba, jirani kaingiza ng'ombe. Akaandika jina, akaandika "mgogoro wa kibanja", akafunika kalamu.

"Mwambie bibi, kesi za mashamba tunaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Aende kesho asubuhi akapate barua."

Nikamwambia. Bibi akasema, "Mimi nimesema," akainuka, akatoka. Mvua ilikuwa inaendelea, nikachukua mwavuli nimkimbilie. Barabara pale imenyooka pande zote mbili, na duka la jirani lilikuwa na taa. Hakukuwa na mtu. Nikarudi ndani nikakaa, nikamwambia Afande kuwa kaondoka. Senene walikuwa wameanza tena kugonga taa.

Zikapita dakika ishirini na tano. Nilikuja kuzihesabu baadaye, na bado nazihesabu.

Difenda ikarudi, mama mdogo akaingia amelowa mpaka mabegani. Ana desturi moja ambayo wenzake wanamtania nayo. Hata awe na njaa ya namna gani, hali kabla hajasoma kitabu cha matukio, mstari kwa mstari, tangu alipotoka. Akasoma kasimama, maji yanamdondoka. Kidole kikasimama.

"Bibi wa kesi ya kibanja, usiku, kwenye mvua? Alikuja na nani?"

"Peke yake, afande," Mwaisaka akajibu. "Kihaya kitupu. Dogo ndiye aliyetafsiri."

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, alisemaje? Usiniambie alimaanisha nini. Niambie alivyosema."

Nikamwambia yote, kwa Kihaya, nikiwa naangalia hotpoti. Nilipofika kwenye "bado anapumua" akafunga kitabu.

"Na ukanyamaza?"

Nikaanza kujifuta macho.

"Utalia baadaye. Inuka, wewe ndiye uliyeambiwa njia."

Sasa fikiria nafasi yake. Mkubwa wake hayupo. Hana mlalamikaji, mlalamikaji kayeyuka. Ana neno la binti wa shule ambaye nusu saa iliyopita alisema vingine. Difenda ina mafuta ya kufikia asubuhi tu. Mwingine angekula kwanza. Yeye aliacha kaunta askari wa bunduki aliyerudi naye doria, akapanda mbele, mimi katikati yake na dereva, Mwaisaka nyuma.

Baada ya ghala la kahawa akamwambia dereva, "Zima taa. Zima na injini. Iache iteremke." Tukateremka kimya kama gari la maiti, Mungu anisamehe. Karibu na kijito tukaona mwanga wa simu ndani ya migomba. Mama mdogo akaninong'oneza nisishuke. Nikaona yote kupitia kioo.

Wanaume wawili walikuwa wameinama kwenye pikipiki, wanafungua kibao cha namba. Mmoja alikuwa na panga kiunoni. Mama mdogo hakupiga kelele wala hakutoa bastola. Alitembea tu, taratibu, kama anakwenda kukata ndizi, mpaka akawa hatua mbili nyuma yao, akasema kwa ile sauti yake ya chini: "Panga weka chini, kijana. Nimechoka na nina njaa." Yule mwenye panga aligeuka. Hata sikuona mkono wake ulivyokamatwa. Nilichoona ni yeye kalala kifudifudi, goti la mama mdogo liko mgongoni, pingu zimelia. Nilitamani nishangilie, nikajiziba mdomo.

Wa pili akakimbia. Mwaisaka akamfuata, akateleza, akaanguka. Nikasema, yule kashapotea, migomba yote hii na giza hili. Lakini sekunde chache tu, tukasikia mtu analia, anakuja. Anarudi! Alitoka kwenye migomba mbio, akamvaa Mwaisaka pale chini, akamkumbatia miguu.

"Nifunge, afande! Nifunge pingu haraka!"

"Tulia wewe! Una nini?"

"Huyo bibi! Kila nikigeuka yuko mbele yangu! Nifunge bwana, nipeleke ndani, mimi nakiri yote!"

Mwaisaka alimfunga pingu huku amefumba macho. Amenikataza nisiandike hilo, lakini nimeliandika.

Yule mtu tuliyeambiwa alikuwa nyuma ya nyumba. Alikuwa bodaboda wa Hamugembe, Bukoba mjini. Wale wawili walimkodi jioni kutoka Bukoba, wakamgonga kichwani na nondo, wakamfunga kwa mipira yake mwenyewe ya kufungia mizigo, wakamtupa pale wakidhani amekufa. Alikuwa kalazwa juu ya mawe yaliyopangwa, kichwa kimeelekea bondeni, damu imechanganyika na mvua. Mama mdogo akapiga magoti kwenye tope, akaweka sikio mdomoni kwake. Hatukusikia kitu ila kijito. Kisha akainua kidole kimoja. Anapumua.

Alivua koti lake la kazi akamfunga nalo kichwa, akakaa naye nyuma ya difenda kichwa kimelala mapajani kwake, akamsemesha njia nzima. "Usilale. Niambie mkeo anaitwa nani. Mtoto je? Sema tena, sijasikia." Hospitali walisema angechelewa nusu saa nyingine asingefika. Nusu saa! Na mimi nilikuwa nimeshamlia dakika ishirini na tano.

Lakini nimeruka jambo moja. Kabla hatujaondoka pale, mwenyekiti wa kitongoji alifika na tochi, kaamshwa na makelele. Mama mdogo akamwomba ampigie mwenye kibanja, akamtajia jina lililoandikwa kitabuni.

"Paskazia?" mzee akasema. "Paskazia mmemwona wapi, waitu? Huyo mama alifariki mimi bado sijawa mwenyekiti. Alikataa sanda, akataka tumvike lubugo kama bibi zake." Akamulika chini, kwenye yale mawe yaliyopangwa, yenye damu. "Yuko hapa. Nyie mmesimama miguuni kwake."

Mama mdogo peke yake ndiye aliyevua kofia, akasema kwa Kihaya, "Tumekuja, mama. Tunamchukua." Kama anavyoongea na mlalamikaji yeyote.

Nini kimebaki? Yule bodaboda yuko hai. Jicho moja halioni vizuri, lakini anaendesha, mchana tu. Mama mdogo walimhamishia Goziba, kisiwani, kwenye kambi za wavuvi. Wengine wanasema ni adhabu, wengine wanasema ana majini. Yeye anasema huko samaki ni bei rahisi. Mimi kibanja cha mtu sikiingii giza likishaingia, na nikipita karibu natoa salamu, ajibu asijibu. Usiku mwingine naamka saa zile zile, senene wawepo wasiwepo, nasikia ule ukimya.

Na wewe unayesoma, nakuomba kitu kimoja. Mtu akikutuma neno, lifikishe lote, hata kama unaliona la kipumbavu, hata kama watakucheka. Wewe hujui ni nani aliyesimama mbele yako, wala hujui nani analala mahali akisubiri sentensi uliyoimeza.

Bado sijamaliza. Asubuhi ya kuamkia usiku ule, Jumamosi, saa moja kamili, alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Hakuja kupongeza. Alitaka kujua Koplo Koku alijuaje mahali mtu alipotupwa. Mtu wa kwanza kushukiwa ni yule anayejua sana, ndivyo walivyofundishwa. Alisoma jina kitabuni, akampigia mwenyekiti, akaambiwa huyo ni marehemu. Akamwangalia mama mdogo kwa jicho ambalo sitalisahau.

"Koplo, mtoa taarifa wako ni nani? Mmoja wa wale wezi?"

Akamgeukia Mwaisaka. Mwaisaka akasema bibi alikuwepo, lakini uso hakuuona vizuri, taa haikuwa nzuri. Mama mdogo alikuwa amesimama, nguo zina damu iliyokauka, bado hajala. Hakujitetea. Hakuniangalia hata kidogo, nadhani makusudi, nisijione nalazimishwa.

Nikainuka kwenye benchi. Nikasema, "Afande, aliongea na mimi." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mahabusu wakanyamaza.

Mkaguzi akanipa karatasi. Niliandika kurasa tatu: lubugo, alivyokaa, alivyosema kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na sentensi mbili nilizoziacha, na dakika ishirini na tano. Akasoma, akanirudishia, akasema si kwa ukali, "Binti, hii itatuchekesha wote mahakamani. Andika upya. Andika tu, 'raia mwema alileta taarifa'. Itamsaidia mama yako mdogo."

Nikamwangalia usoni, mtu mzima, mgeni, mwenye nyota begani.

"Hapana, afande. Nilishapunguza mara moja."

Nikachukua kalamu, nikasaini kila ukurasa.