Geti Nililolileta Mwenyewe

Mie mwalimu wa mdahalo nilikuwaga nawaambia wanafunzi kuwa hadithi ni za watoto, watu wazima wanataka hoja. Juzi kwenye mkutano wa mtaa wetu, Tabata, nikatoa hoja sita za kufunga uchochoro kwa geti, wezi wasipite. Watu wakapiga miayo.

Akasimama Bi Zuhura mwenye duka, akasimulia taratibu siku uchungu ulipomshika, majirani wakamkimbiza na mkokoteni kupitia uchochoro huohuo, akajifungua mlangoni mwa hospitali.

"Lingekuwepo geti, tungekuwa bado tunamtafuta mwenye ufunguo."

Jamani, yule mama anajua kusema! Nilifuta machozi.

Mwenyekiti akauliza, "Wanaopinga geti?"

Mkono wangu ulitangulia mikono yote kunyooka.

Akanitazama. "Mwalimu, si ndo geti lako hili?"