Siku Stelingi Alipokufa Kawangware

Katika miaka ya sabini nilifanya kazi nyingi ambazo hazikunikaa, lakini ile ya kutengeneza masanduku ya bati Kawangware niliipata kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikitazama mafundi wakikunja bati juu ya kipande cha reli, maana nikiona mtu anafanya kitu nisichokijua lazima nisimame. Nikiwa pale nikaanza kuwasimulia picha ya sinema niliyoitazama mjini Jumapili. Nilipotaka kwenda zangu, fundi mkubwa akaniambia nirudi kesho nimalizie, na nije na nguo za kazi.

Fundi mkubwa alikuwa mzee wa Makina, mpole, kofia haimtoki kichwani, na hakuwahi kuingia sinema maisha yake yote. Mimi nilikaa Kianda, huko huko Kibera. Asubuhi tulikutana njiani tukaenda kazini pamoja kwa miguu, na njia nzima hakutaka nimwambie lolote. "Ngoja tufike," alisema. "Ukinimwagia hapa, kule nitasikiliza nini?" Alikuwa na sharti moja tu: hadithi isisimamishe nyundo.

Sharti hilo lilinifunza sinema kuliko sinema yenyewe. Niligundua kwamba mshtuko unaua kazi. Nikisema, "Akafungua kabati, kumbe adui yumo ndani," nyundo zote zilinyamaza na mzee akanikata jicho. Lakini nikianza na adui, kwamba ameingia kwa dirisha la nyuma, amejibanza kabatini, ana kisu, halafu ndiyo nimlete stelingi, yule bwana ambaye picha yote ni yake, anapiga mluzi, anavua koti, anatafuta mahali pa kulitundika, hapo nyundo ziliongeza kasi. Watu waligonga kana kwamba wanamwonya. Koti lile niliweza kulizungusha chumba kizima, mara kwenye kiti, mara kwenye msumari, lisipate pa kukaa, na kabla hajagusa kabati pande nne za sanduku zilikuwa zimeshakunjwa.

Basi Jumapili nikawa naenda mjini kutafuta woga unapoingilia. Wakati mwingine nilifumba macho nikasikiliza tu. Muziki ukipanda, usijali, ni paka. Muziki ukikatika, shika kiti. Adui huonyeshwa viatu kwanza, sura baadaye, na viatu vyake havijawahi kukutana na matope ya Kibera. Mtu anayesema, "Siwezi kukwambia kwa simu, tuonane kesho," huyo kesho haioni. Gari la stelingi huwaka vizuri picha nzima, isipokuwa pale anapofukuzwa.

Haya yote niliyapeleka Kawangware. Jirani yangu pale kwenye reli alikuwa jamaa wa Busia, mwimba kwaya, ambaye kila asubuhi alilaani sinema kabla hatujaanza, na ambaye nikinyamaza kidogo tu alikuwa wa kwanza kusema, "Haya, mlango umefunguka, nani ameingia?" Mama aliyetuletea chai naye alikuwa na kazi yake, kumtaja adui mapema. "Ni yule daktari," angesema akimimina. "Mtu mzima anachekea kila mtu namna ile kwa nini?" Mara nyingi hakukosea.

Desemba moja tulikuwa na masanduku mengi ya wanafunzi. Shule zikifunguliwa kabla hayajaisha, yangekaa hapo mpaka mwaka mwingine. Alhamisi ya wiki hiyo nikawasimulia picha mpya, na sikufikiria mara mbili. Nilipofika katikati nikasema stelingi amepanda ngazi, amepigwa risasi kifuani, amekufa.

Reli yetu ikanyamaza.

"Endelea," akasema mwimba kwaya. "Anaamka."

"Haamki. Amekufa."

"Nani amekufa?"

"Stelingi."

"Wewe, stelingi hafi."

"Huyu alikufa. Nilimwona akifunikwa shuka."

"Shuka ni ya kuwadanganya maadui."

"Ndugu yangu, walimzika. Mke wake alivaa nguo nyeusi."

"Basi huyo hakuwa stelingi," akasema mama wa chai. "Ulishika mtu mwingine tangu mwanzo, ukatupotezea wakati."

"Lakini sura yake ndiyo imechorwa nje ya sinema, kubwa kama ukuta."

"Basi ulilala. Ulilala ukaota, ukaja kutuuzia ndoto."

Kutoka hapo kazi ikalegea. Walibishana mchana kutwa, na Ijumaa wakaendelea walipoachia. Kama stelingi anaweza kufa katikati, adui atakamatwa na nani? Jumamosi mzee akaniita pembeni.

"Kijana, umeniulia watu."

"Mzee, si mimi niliyemuua."

"Ni wewe uliyemleta hapa akiwa maiti. Jumatatu nyundo zisiporudi, utafute pengine pa kusimulia."

Nilikuwa nimeacha kazi nyingi bila kugeuka nyuma. Hii nilitaka nibaki nayo. Usiku ule niliwaza kusema uongo, lakini nani angeniamini na nilishawaambia habari za kaburi?

Jumapili mchana nikasikia hodi. Mzee alikuwa mlangoni, amevaa kanzu na kofia safi. "Twende," akasema, "nikamwone huyo maiti wako."

Ndani ya sinema alikaa wima kama yuko barazani kwa watu. Adui alipojificha juu ya ngazi na muziki ukakatika, mzee alinishika mkono nikahisi kucha. Halafu akasema kwa sauti, "Usipande, baba." Watu wakacheka, kisha kijana wa nyuma naye akasema, "Sikia mzee, usipande," na mara safu nzima ikawa inamkataza. Akapanda. Njiani mzee alitangulia, akageuka tulipokaribia Makina. "Kweli amekufa," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Maskini mke wake."

Jumatatu wote walikuwa wamekaa wanamngoja, nyundo chini; kumbe Jumamosi aliwaaga kwamba anakwenda kujionea mwenyewe. Mama wa chai alikuwa ameshafika, na saa ya chai ilikuwa bado.

"Mzee, umemwona?"

"Nimemwona."

"Alikufa?"

Mzee alichukua bati, akautazama ukingo wake. "Hakufa," akasema. "Alikuwa amevaa bati ndani ya shati. Geji nene, si hii yetu. Risasi iligonga hapa ikadondoka."

"Na shuka?"

"Ya kuwadanganya maadui."

Mwimba kwaya alinigeukia kwa furaha kubwa. "Si nilikwambia?"

"Na huyu alilala," akasema mama wa chai, akanimiminia chai hata hivyo.

Mzee akaniwekea bati mbele yangu juu ya reli. "Mimi hapo nilisinzia," akasema, bila hata kunitazama. "Kilichofuata anakijua yeye. Haya, amefunikwa shuka, maadui wameondoka. Endelea."

Katika picha niliyoitazama, mtu yule hakuonekana tena. Nyundo ya kwanza ikagonga, taratibu, ikingoja.

"Chini ya shuka," nikasema, "kidole kimoja kikatikisika. Wale maadui walikuwa wameshafika kwenye gari. Lakini mmoja akajipapasa kichwani, akakumbuka ameacha kofia yake juu kule, akarudi."

Nyundo zote zikaanza.