Shilingi Tano za Kutazama Meno

Juzi nilikwenda Lindi kwa daktari wa meno, mgeni kutoka Dar es Salaam, kung'olewa gego. Sikulia, na mkitaka waulizeni waliokuwapo. Mbele yangu alikuwapo mama wa Kinjumbi, kwetu Kilwa, na bintiye, ambaye meno yake ya mbele yamepandana, hata akicheka hujifunika kanga mdomoni. Mama alitaka yanyooshwe, mtoto acheke kama wenzake.

Daktari akachungulia, akaandika, akasema, "Atafungwa waya miaka miwili, na kila mwezi mje Dar es Salaam. Shilingi mia sita. Leo lipeni tano."

"Tano za nini, bwana daktari?"

"Za kutazama."

"Kutazama! Mimi namtazama huyu miaka kumi na mitatu, nani kanilipa?"

Nilikasirika kuliko yeye. Sisi watu wa Kilwa hata pweza hatumgusi kabla ya kupatana bei, lakini kwa daktari tunapanua mdomo kwanza, kisha tunashindwa kubishana. Jamani, ulizeni bei mdomo ungali umefumbwa!

Mama akafungua pindo la kanga, akalipa. Binti, mdomo bado wazi, akauliza, "Nifumbe, mama?"

"Usifumbe! Mwache atazame mpaka hizo tano ziishe."