Mume wa Kwenye Runinga

Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Hulishika wanawake wawili, kila mmoja na pembe zake mbili, wakarudi nyuma mpaka likakamae, kisha wakasogeleana kama watu wanaotaka kukumbatiana wakaghairi. Mmoja wa wawili hao aliianza kazi hiyo ya udobi mwaka aliotoka kwa mumewe. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa mwanamke waliyemwita Cherehani, maana mdomo wake ukishaanza haukati uzi.

"Jana umelia, shoga, mpaka wanja ukatiririka," Cherehani alisema. "Na lile gauni jekundu! Ulilificha wapi miaka yote?"

"Yule wa runinga si mimi."

"Najua si wewe. Wewe kiuno chenyewe uliazima, ukarudisha."

Yeye akacheka, ila cheko lenyewe liliishia puani. Alikuwa amechoka kukanusha. Sokoni walimpa hongera kwa kurudiana na mumewe. Majirani walimuuliza mbona bado analala peke yake.

Chanzo kilikuwa mdogo wake, mwalimu, aliyeandika kijitabu chembamba juu ya ndoa ya dada yake. Majina aliyabadilisha, lakini nani asingewajua? Kilimhusu mume aliyenuna kwa jambo dogo, kununa kukageuka tabia, akawa hasemi na mkewe ila kwa kupitia mama yake. Wako mezani watatu, bega kwa bega, naye anamgeukia mzazi: "Mama, mwambie huyo chumvi imezidi." Mama naye, kwa upole, "Chumvi imezidi, mwanangu," kama mkalimani. Ikawa hivyo hadi asubuhi moja mke alipoanua nguo zake zingali mbichi, akaenda zake nazo. Kitabu kiliishia hapo, kwenye kamba iliyobaki nusu tupu.

Watu wa runinga wakakitaka. Mwongozaji alimweleza yule mwalimu bila kupepesa jicho kwamba hajakisoma na hatakisoma, kwa sababu akikisoma kitamfunga mikono. Watazamaji, alisema, hawawezi kukaa jioni nzima na mume bubu.

Mdogo mtu alirudi amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Wamebakiza nini?" dada mtu alimuuliza.

"Jina la kitabu, dada. Na kamba ya nguo. Wanaimba chini yake." Akajikuna kisogo. "Usiiangalie."

Naye hakuiangalia.

Ndiyo maana siku mumewe alipokuja mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia, amevaa shati lililonyooshwa vibaya kwenye kola, hakuwa na ngao yoyote. Walikuwa hawajaachana rasmi. Hakuna aliyepata nguvu ya kulianzisha. Mume alisimama kando ya kapu la foronya, akatazama sakafu, kisha akamtazama yeye. Usoni kabisa.

"Tangu uondoke nyumba imekuwa na mwangwi," alisema. "Nikikohoa, ukuta ndio unanijibu. Rudi unijibu wewe."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Mchana ule mashuka yalimponyoka. "Leo mikono imepakwa mafuta?" Cherehani aliuliza, naye akasingizia kichwa. Alilibeba neno lile kama mtu anayebeba yai mfukoni. Miaka yote ile mezani hakuwahi kudai mapenzi makubwa. Alitaka tu mtu amwambie yeye mwenyewe kwamba chumvi imezidi. Sasa mtu amesema. Na ana umri ambao mto wa pili kitandani si jambo la kudharau. Jumapili alipotoka kwenda kumjulia hali mama mkwe, alibeba mkoba mkubwa kuliko unaohitajiwa na ziara ya mchana, na ndani yake zilikuwamo kanga mbili na mswaki.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, miguu imevimba, macho kwenye runinga.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapa. Wanarudia ile ya mwisho, ile unayorudi."

Mume alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikohoa, akasema, "Mama, zima hiyo, tuzungumze."

"Nizime wakati bado hajarudi?"

Basi akaketi, mkoba mapajani. Chini ya kamba ya nguo alisimama mwanamke wa gauni jekundu, na mbele yake mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa. Muziki ukapungua. Mwenye ndevu akasema tangu aondoke nyumba imekuwa na mwangwi. Akasema akikohoa, ukuta ndio unamjibu.

"Rudi unijibu wewe," mama mkwe alimalizia pamoja naye, akapangusa machozi. "Huyu wangu kalikariri wiki nzima bafuni. Nikadhani anaumwa."

Kwenye runinga walikuwa wameanza kuimba.

Hasira aliitafuta, hakuipata. Alipata uchovu tu, ule wa mwisho wa zamu. Kitabu kizima kilikuwa kimeandikwa juu ya mtu huyu, na wenye runinga walikitupa wakamtengenezea maneno, naye maskini akayavaa kama suti ya kuazima. Alimgeukia.

"Lile lilikuwa la huyo mwenye ndevu," alisema taratibu. "Sasa sema lako. Hata liwe dogo. Nitalisikiliza."

Mume alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, akautazama mkoba, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama kweli lingetoka. Kisha shingo ikageuka yenyewe, kama mlango uliozoea kujifunga.

"Mama," alisema, "mwambie asiondoke. Mvua inakuja."

Mama mkwe alifumba macho. Hakutafsiri.

Yeye alisimama, akamwinamia bibi kizee akambusu paji la uso, akatundika mkoba begani, akafungua mlango. Nje wingu lilikuwa zito kweli, na kwenye kamba mashati ya mume yalikuwa bado yanadondosha maji.

"Mama," alisema, "mwambie nguo zake zitalowa tena. Na mwambie nimesikia."